Homa imepanda: kupima na kutibu malaria, taifodi na UTI bila kubahatisha

Mtu anaingia maabara na homa ya siku mbili, anatoka na karatasi yenye majibu matatu: malaria wadudu wawili, taifodi 1:160, UTI. Mkononi ana mfuko wa dawa za aina nne, na pengine ameandikiwa sindano. Homa ikishuka siku ya tatu, hakuna anayejua ni dawa ipi iliyoishusha, au kama ingeshuka yenyewe. Isiposhuka, hali ni mbaya zaidi: kila jina lililo kwenye karatasi limeshatibiwa, na ugonjwa wenyewe bado haujatafutwa.

Malaria, taifodi na maambukizi ya njia ya mkojo yapo kweli, na yote yanaweza kuua. Ila ni nadra yote matatu kumkuta mtu mmoja kwa wakati mmoja. Mwaka 2008 watafiti waliwachunguza watoto 1,005 wenye homa Dar es Salaam na Ifakara, wakapima karibu kila kinachopimika. Malaria ilikutwa kwa asilimia 10.5, UTI asilimia 5.9, taifodi asilimia 3.7. Zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na mengi kati ya hayo yalisababishwa na virusi ambavyo havihitaji antibaiotiki. Moshi hali ilikuwa kali zaidi. Kati ya wagonjwa 870 waliolazwa na homa, zaidi ya nusu waliandikiwa malaria, na waliokuwa nayo kweli walikuwa 14 tu. Wengine walikuwa na brusela, leptospira, homa ya kupe na chikungunya, magonjwa ambayo hayakuwa yakipimwa kabisa.

Mwongozo huu unamfuata mgonjwa kuanzia joto linapopanda hadi siku ya tatu, na unaonyesha mahali ambapo majibu huharibika.

Hatua ya 1: Angalia dalili za hatari kwanza

Hizi hazisubiri kipimo wala dawa ya dukani. Mgonjwa apelekwe kituo cha afya au hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, iwapo:

- hawezi kunywa au kunyonya, au anatapika kila kitu
- amepata degedege, amezimia, au amelegea na haamki vizuri
- anapumua haraka au mbavu zinabonyea ndani anapovuta pumzi
- shingo imekakamaa, au utosi wa mtoto mchanga umevimba
- viganja na ndani ya kope vimekuwa vyeupe, macho yamekuwa ya njano, au mkojo umekuwa mweusi kama kahawa
- ni mtoto wa chini ya miezi miwili, kwa homa yoyote ile

Pumzi zinahesabiwa kwa dakika moja kamili, mtoto akiwa ametulia na hanyonyi. Haraka maana yake ni 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano. Kuhesabu kwa sekunde 15 kisha kuzidisha mara nne kunadanganya, kwa sababu watoto hawapumui kwa mpangilio sawa.

Mtoto mwenye degedege alazwe ubavu, asiwekewe kijiko wala kidole mdomoni, asinyweshwe dawa. Wapo wanaoanza kwa mganga kwa kuamini degedege halitaki sindano. Malaria iliyopanda kichwani huua ndani ya saa chache, kwa hiyo hospitali itangulie. Kama kituo cha karibu ni zahanati ndogo, uliza kama wana artesuneti ya kuweka njia ya haja kubwa. Mtoto wa chini ya miaka 6 hupewa hiyo kabla ya safari, kisha anaendelea hospitali bila kuchelewa. Akiwa njiani na anaweza kumeza, anyonyeshwe, au apewe maji ya sukari: vijiko vinne vya chai vya sukari vilivyosawazishwa juu, ndani ya mililita 200 za maji safi. Malaria kali hushusha sukari ya damu, na hilo peke yake linaweza kumwua mtoto au kumletea kifafa.

Hatua ya 2: Pima joto, andika tarehe

Kiganja kwenye paji la uso hakitoshi. Tumia kipimajoto cha kidijitali, kikae kwapani kwenye ngozi kavu mpaka kilie. Kuanzia 37.5 ni homa. Andika siku na saa homa ilipoanza. Tarehe hiyo ndogo ndiyo itakayoamua kama kipimo fulani kina maana au hakina, kama utakavyoona kwenye taifodi.

Andika pia mgonjwa alikuwa wapi mwezi uliopita. Malaria ya falsiparamu, aina kali iliyoenea zaidi Afrika, kwa kawaida hujitokeza siku 7 hadi 14 baada ya kuumwa na mbu, wakati mwingine hata mwezi na zaidi. Mtu wa Nairobi au Arusha aliyerudi wiki mbili zilizopita kutoka Busia, Kigoma au Geita ana uwezekano mkubwa wa malaria kuliko jirani yake ambaye hakusafiri. Na ndugu walioko Muscat, London au Minneapolis wakirudi kutoka likizo ya nyumbani, homa yoyote ndani ya miezi mitatu ihesabiwe malaria mpaka kipimo kikatae. Wamwambie daktari wa huko waziwazi, bila kusubiri kuulizwa, kwamba walikuwa Afrika Mashariki. Kinga waliyokuwa nayo utotoni hupungua wakikaa miaka ughaibuni, kwa hiyo wasijitegemee kwa kusema malaria wameizoea.

Kushusha homa, parasetamoli inatosha. Kwa mtoto ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 6, isizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 10 hupata takriban mililita 5 za dawa ya maji yenye miligramu 120 kwa mililita 5. Soma chupa, maana zipo za 250 kwa mililita 5, na hapo kipimo kile kile ni zaidi ya mara mbili. Tumia kikombe au bomba lililokuja na dawa, kwa sababu vijiko vya jikoni havilingani. Mtu mzima ni vidonge viwili vya 500, visizidi vinane kwa saa 24. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ziache mpaka ijulikane homa si ya dengi, ambayo watu wa pwani wanaiita pia kidingapopo. Dawa hizo huongeza damu kuvuja.

Hatua ya 3: Kipimo cha malaria, na namna ya kukisimamia

Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila anayeshukiwa malaria apimwe kabla ya kutibiwa. Vipimo ni viwili: kipimo cha haraka, mRDT, na damu kwenye hadubini, ambayo wengi wanaijua kama BS. Mgonjwa ana haki ya kutazama kipimo cha haraka kikifanyika, na mambo ya kutazama ni haya.

Pakiti ifunguliwe mbele yako, wakati huo huo. Kifaa kilichokaa wazi tangu asubuhi kimeshanyonya unyevu. Tarehe ya mwisho isomwe. Kidole kipanguswe kwa spiriti na spiriti ikauke kabisa, kwani ikichanganyika na damu huiharibu. Sindano ya kuchoma iwe mpya. Damu inayohitajika ni maikrolita 5, tone dogo kuliko punje ya mchele, na inakwenda kwenye kitundu chake. Bafa, yaani kimiminika kinachokuja na kifaa, inakwenda kwenye kitundu cha pili, kwa idadi ya matone iliyoandikwa na mtengenezaji. Kosa linaloonekana sana ni bafa ya kifaa cha aina nyingine, au maji ya dripu bafa inapokwisha. Mstari unaweza kutokea bila malaria, au usitokee malaria ikiwepo.

Saa iandikwe juu ya kifaa. Vifaa vingi vinasomwa baada ya dakika 15 au 20, kwa kufuata karatasi yake. Kabla ya hapo mstari hafifu haujatokea, na baada ya nusu saa mstari wa uongo unaweza kujichora. Mstari wa C lazima uwepo, usipokuwepo kifaa kimeharibika na kipimo kirudiwe hata kama mstari mwingine umetokea. Mstari wa malaria ukiwa hafifu namna gani, ni malaria. Hakuna malaria nusu.

Mtego mkubwa wa kipimo hiki uko kwa mtu aliyetibiwa karibuni. Vifaa vingi hutafuta protini inayoachwa na kimelea, iitwayo HRP2, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki mbili, nne, hata zaidi baada ya vimelea wote kufa. Mtu aliyemaliza dawa wiki iliyopita akipimwa kwa mRDT anaweza kukutwa na malaria ingawa amepona. Hapo ndipo linapozaliwa neno "malaria sugu", na dawa nzito zaidi. Ukiwa umetumia dawa ya malaria ndani ya mwezi mmoja, sema, na uombe hadubini.

Upande wa pili, kuna vimelea vilivyopoteza jini la kutengeneza HRP2, na hivyo mRDT haiwaoni. Eritrea, Ethiopia na Djibouti wameathirika vya kutosha kubadili vifaa. Kwa hiyo mgonjwa mwenye dalili zote za malaria na jibu hasi, hasa akiwa anazidiwa au ametoka huko, apimwe kwa hadubini.

Hadubini inahitaji muda. Tone nene la damu linatakiwa likauke bila kupashwa moto, lipakwe rangi ya Giemsa, kwa kawaida dakika 10 kwa rangi kali au 30 hadi 45 kwa rangi nyepesi, kisha mtaalamu apitie maeneo yasiyopungua 100 kabla ya kusema hakuna. Jibu la BS lililotoka dakika tano baada ya kutolewa damu haliwezi kuwa limepitia hatua hizo. Ni afadhali mRDT iliyofanywa vizuri kuliko hadubini ya haraka haraka.

"Wadudu wawili" nao wanaeleweka vibaya. Ni alama za kujumlisha: moja maana yake vimelea 1 hadi 10 katika maeneo 100 yaliyotazamwa, mbili ni 11 hadi 100 katika maeneo 100, tatu ni 1 hadi 10 katika kila eneo, nne ni zaidi ya 10 katika kila eneo. Si idadi ya wadudu, na si kipimo cha ukali wa ugonjwa. Mtoto mwenye alama moja anaweza kuwa mahututi. Tena, katika maeneo yenye malaria nyingi watu wazima hutembea na vimelea wachache bila kuumwa. Ndiyo maana mtoto mwenye kipimo chanya anayepumua haraka anatakiwa kutazamwa nimonia pia, malaria isifunge mjadala.

Hatua ya 4: Malaria ipo. Dawa ya mseto, kwa uzito na kwa saa

Malaria isiyo kali hutibiwa kwa vidonge. Tanzania na Kenya zinatumia ALu, dawa ya mseto, tangu 2006. Kidonge cha kawaida ni miligramu 20 za artemetha na 120 za lumefantrini. Hesabu inakwenda kwa kilo:

- kilo 5 hadi chini ya 15: kidonge 1
- kilo 15 hadi chini ya 25: vidonge 2
- kilo 25 hadi chini ya 35: vidonge 3
- kilo 35 na zaidi: vidonge 4

Kila kipimo kimoja ni hicho, na vipimo ni sita kwa siku tatu. Mtu mzima anameza vidonge 24 kwa jumla. Zipo pia pakiti za kidonge kikubwa, 80 kwa 480, ambapo kimoja kinasimama badala ya vinne. Soma namba kabla ya kuhesabu vidonge.

Kipimo cha pili kinakuja saa 8 baada ya cha kwanza, si kesho yake. Ukianza saa 4 asubuhi, cha pili ni saa 12 jioni. Ukianza saa 9 alasiri, cha pili ni saa 5 usiku, na mgonjwa aamshwe. Baada ya hapo ni asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Pengo la kwanza likirefuka, dawa inapungua kwenye damu wakati vimelea bado ni wengi.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni mafuta. Lumefantrini haipenyi vizuri tumboni bila mafuta. Chai ya rangi na mkate mkavu havitoshi. Kikombe cha maziwa, uji uliotiwa karanga au siagi, wali wa nazi, parachichi, chochote chenye mafuta kiasi kinatosha, na kwa mtoto ni ziwa la mama. Mgonjwa aliyemeza vidonge vyote tumbo likiwa tupu anaweza kurudi na malaria ile ile wiki mbili au tatu baadaye, akaambiwa dawa haifanyi kazi. Akitapika ndani ya saa moja, kipimo kirudiwe. Akitapika na cha pili, si mgonjwa wa vidonge tena, arudi kituoni.

Mama mjamzito asinunue dawa ya malaria dukani. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linakubali ALu hata katika miezi mitatu ya kwanza, lakini mimba yenye malaria inataka macho ya kliniki kwa sababu ya upungufu wa damu na sukari kushuka.

Sindano ya artesuneti ni ya malaria kali tu, yaani mgonjwa mwenye dalili za hatua ya 1. Inatolewa mara tatu katika saa 24 za kwanza: mwanzo, baada ya saa 12, na baada ya saa 24. Akiweza kumeza, ni lazima amalizie na dozi kamili ya ALu ya siku tatu. Watu wengi wanadungwa sindano hizo tatu kwa malaria ya kawaida kwa kuwa wameomba dawa ya nguvu, kisha wanaenda nyumbani bila vidonge. Artesuneti hufanya kazi haraka na kuondoka haraka, na vimelea waliobaki hawana wa kuwamaliza. Hili linatugusa sote kuliko zamani, kwa sababu vimelea wanaochelewa kufa kwa dawa za jamii ya artemisini wameshathibitishwa Rwanda, Uganda, Eritrea na mkoa wa Kagera. ALu bado inaponya. Nguvu yake inategemea dawa zote mbili ndani ya kidonge kukutana na kimelea kwa siku zote tatu.

Hatua ya 5: Malaria haipo. Amini jibu, endelea kutafuta

Kipimo kilichofanywa vizuri kikiwa hasi, dawa ya malaria isinywewe "kwa usalama". Mgonjwa atazamwe masikio, koo, kifua, ngozi, tumbo na mkojo. Mafua na kikohozi bila pumzi za haraka kwa kawaida ni virusi, na amoksilini haivigusi. Apewe maji, parasetamoli, chakula kidogo kidogo. Homa ikiendelea siku mbili au tatu, kipimo cha malaria kirudiwe, kwani mwanzoni vimelea huweza kuwa wachache mno.

Kama ni msimu wa mvua mjini pwani, na mgonjwa anaumwa nyuma ya macho, viungo na misuli, ana vipele, fikiria dengi au chikungunya. Dar es Salaam imekuwa na milipuko ya dengi 2010, 2014 na 2019, na jina chikungunya lenyewe ni la Kimakonde, lilizaliwa kwenye mlipuko wa 1952 kusini mwa Tanganyika, likimwelezea mgonjwa aliyejikunja kwa maumivu. Hatari ya dengi inakuja homa *inaposhuka*, kati ya siku ya tatu na ya saba. Tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, fizi kutoka damu au mgonjwa kuhangaika bila kutulia ni dalili za kukimbilia hospitali, ingawa kipimajoto kinasoma kawaida.

Taifodi: karatasi ya Widal

Hapa ndipo pesa nyingi na antibaiotiki nyingi hupotea. Widal ni kipimo cha mwaka 1896, kilichopewa jina la daktari wa Ufaransa, Fernand Widal. Hakitafuti bakteria wa taifodi. Kinatafuta askari ambao mwili uliwatengeneza dhidi ya bakteria wa jamii hiyo, na askari hao hubaki miezi mingi baada ya ugonjwa kupona, huamshwa na salmonela wengine, na huweza kuonekana hata kwa mgonjwa wa malaria. Katika nchi ambako wengi wamewahi kukutana na bakteria hao kwenye maji au chakula, namba kama 1:80 au 1:160 hukutwa kwa watu wazima wasioumwa chochote.

Sasa rudi kwenye tarehe uliyoandika. Widal hupima askari wa aina mbili, O na H. Wa O huanza kuonekana karibu siku ya 6 hadi 8 ya ugonjwa, wa H siku ya 10 hadi 12. Homa iliyoanza juzi haiwezi kuwa imeshatengeneza namba hizo. Widal ikiwa chanya siku ya pili, inasimulia habari ya zamani au ya ugonjwa mwingine. Ili iwe na maana inatakiwa ipimwe mara mbili, kwa pengo la siku 10 hadi 14, na namba ipande angalau mara nne, mfano kutoka 1:80 hadi 1:320. Hakuna anayemsubirisha mgonjwa hivyo, na ndiyo sababu kipimo kimoja cha Widal hakifai kuanzishia dawa.

Taifodi halisi inakuja taratibu. Homa hupanda siku hadi siku, hukaa juu zaidi ya siku tatu bila kuachia, kichwa kinauma, tumbo linauma, choo kinafunga au kinaharisha, hamu ya kula inakwisha. Ukiwa na picha hiyo na malaria imekataa, omba kuoteshwa damu, yaani damu iwekwe maabara ili bakteria waliomo waote. Kwa mtu mzima inachukuliwa takriban mililita 10, *kabla* ya antibaiotiki yoyote, na majibu huchukua siku kadhaa. Hata ikifanywa vizuri hukamata takriban wagonjwa 6 kati ya 10, kwa hiyo daktari anaweza kuanza dawa huku akisubiri. Faida yake kubwa ni kwamba bakteria wakiota, maabara inajaribu dawa juu yao na kusema ipi inawaua. Kloramfenikoli, ampisilini na septrini zimeshindwa na bakteria wengi wa taifodi Afrika Mashariki, na sipro inaendelea kudhoofika. Azithromisini na seftriaksoni ndizo zinazobaki kutegemewa sehemu nyingi, na Pakistani tangu 2016 imeona taifodi isiyosikia hata seftriaksoni.

Kigezo kimoja unaweza kukitumia mwenyewe. Taifodi ya kweli, hata kwa dawa sahihi, kwa kawaida huchukua siku nne hadi sita homa kushuka. Aliyemeza sipro mbili na kuamka mzima kesho yake, kuna uwezekano mkubwa hakuwa na taifodi. Na aliyethibitishwa kuwa nayo asiache dawa homa ikishuka, kwani taifodi hurudi wiki mbili tatu baadaye. Tumbo likiwa gumu ghafla na maumivu makali, hasa wiki ya tatu, utumbo unaweza kuwa umetoboka. Hiyo ni ya upasuaji, siku hiyo hiyo.

UTI: mkojo uliochukuliwa vibaya

Kwa mtu mzima, UTI bila dalili za mkojo kwa kawaida si sababu ya homa. Dalili ni kuungua unapokojoa, kwenda haja ndogo mara kwa mara, maumivu chini ya kitovu. Maumivu ya ubavuni au kiunoni pamoja na homa na baridi ni maambukizi yaliyofika kwenye figo. Mtoto wa chini ya miaka miwili ni tofauti: hawezi kusema, na homa isiyo na chanzo kwake inahitaji mkojo upimwe kweli.

Jinsi ya kutoa mkojo: osha sehemu za siri kwa maji, mwanamke kutoka mbele kwenda nyuma. Anza kukojoa chooni, kisha kinga katikati bila kugusa ndani ya chombo, malizia chooni. Chombo kitoke maabara, chupa ya soda iliyosuuzwa haifai. Mkojo ufike ndani ya saa moja au mbili, kwa sababu ukikaa kwenye joto bakteria wanazaliana na jibu linakuwa la chupa. Mkojo wa kwanza wa asubuhi ni bora kwa kipimo cha naitraiti, kemikali inayotengenezwa na bakteria kwenye mkojo, ambayo inahitaji mkojo uliokaa kibofuni karibu saa 4.

Kwenye majibu, tazama seli za usaha, naitraiti, na seli za ngozi. Seli za ngozi zikiwa nyingi, mkojo umechafuliwa na ngozi ya nje, na kipimo kirudiwe badala ya kutibiwa. Bakteria bila usaha na bila dalili hawatibiwi, isipokuwa kwa mjamzito, ambaye kwake hata bila dalili wanaweza kupanda hadi figo. Nitrofurantoini ni dawa nzuri ya kibofu, kwa kawaida siku 5, lakini haifiki kwenye nyama ya figo, kwa hiyo haimfai mwenye homa na maumivu ya ubavu.

"UTI sugu" inayorudi kila mwezi itafutiwe jina lake. Pimwa kisonono na klamidia, na mwenzi wako pia. Pimwa sukari. Mwanamke mwenye uchafu ukeni na muwasho mara nyingi ana fangasi au maambukizi ya uke, na antibaiotiki zaidi huwaongeza fangasi. Omba mkojo uoteshwe kabla ya dawa ya nne.

Hatua ya 6: Siku ya tatu

Mgonjwa arudi siku ya tatu hata kama anaendelea vizuri, na mapema zaidi akizidiwa. Beba karatasi zote, pakiti za dawa zilizotumika hata tupu, na orodha ya joto asubuhi na jioni. Ukienda kituo kingine bila vitu hivyo, safari inaanza upya, na mara nyingi kwa dawa zile zile.

Mwenye malaria iliyothibitishwa ambaye bado ana homa apimwe kwa hadubini, si mRDT, na aulizwe alimezaje dawa na kwa chakula gani. Homa iliyopita wiki mbili inataka kipimo cha kifua kikuu na cha VVU, na kwa wafugaji au wanywaji wa maziwa mabichi, brusela. Mwenye homa, jasho la usiku na viungo kuuma kwa wiki kadhaa huko Manyara au Arusha ataje mifugo yake kabla hajaulizwa.

Aliyetibiwa malaria kali kwa artesuneti apime wingi wa damu tena kila wiki kwa mwezi mmoja. Kwa baadhi ya wagonjwa chembe nyekundu hupasuka wiki moja hadi nne baada ya sindano, wakati malaria imeshaondoka: uchovu unarudi, macho yanageuka njano, mkojo unakuwa mweusi. Akirudishwa kituoni ataje artesuneti na tarehe aliyodungwa, la sivyo mRDT itakuwa bado chanya na atatibiwa malaria mara ya pili wakati anachohitaji ni damu.